Kanisa Lenu Mwenyewe Nani?

Ujana wangu wa chuoni niliutumia kusoma ugomvi ambao wenyewe wameshausahau. Waprotestanti wa Uingereza, nchi ninayoishi, zamani, waligombana mpaka kumwaga damu juu ya swali moja: kanisa litawaliwe na nani? Wapo waliosema askofu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mitume. Wapo waliosema hapana, ni wazee wa kanisa, wakikaa kwenye mabaraza yao, kila baraza likiwa na baraza lingine juu yake. Na wapo waliowaona hao wote kuwa ni wale wale, wakataka kila kusanyiko la waumini lijitawale, Kristo akiwa kichwa na asiwepo mtu wa katikati. Mfalme mmoja aliyewakumbatia maaskofu alikatwa kichwa hapa hapa London, ingawa si kwa hilo peke yake. Waliobaki na vichwa waliendelea kuandikiana vijitabu vya matusi ya kidini, nami nilivisoma kimoja kimoja, nimevaa koti ndani ya maktaba kwa sababu ya baridi. Nikapata udaktari. Mama yangu, aliyekuwa ametegemea daktari wa kutibu watu, aliniuliza kwenye simu kama udaktari huo una sindano.

Hauna. Lakini sikudhani kwamba ugomvi wenyewe ungenifuata mpaka Wembley, pembeni mwa London.

Sisi ni kusanyiko dogo la Watanzania, pamoja na Wakenya wachache wanaotuvumilia. Tunakodi ukumbi ulio nyuma ya kanisa la Waingereza, Jumapili mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao. Nyumbani tulikuwa watu wa makanisa mbalimbali: huyu Mlutheri, yule Mwanglikana, mwingine Mmoraviani, mwingine kakulia kwa wamisionari wasiotaka hata kulisikia neno askofu. London ilitukusanya kama inavyokusanya watu kwenye kituo cha basi: si kwa kupendana, ni kwa mvua.

Jumapili moja, tukiwa tunapanga viti ukutani, aliingia mzee wa Kisingasinga mwenye kilemba cha buluu na koti refu. Alisimama mlangoni akaukagua ukumbi kama mtu aliyetaka kuukodi.

"Hamjambo, wanangu? Namtafuta mwenyewe."

Kilikuwa Kiswahili cha Moshi, kimenyooka kuliko cha watoto wetu waliozaliwa huku, ambao ukiwaambia njoo wanakujibu kwa Kiingereza kwamba wanakuja.

"Mwenyewe nani, mzee?" aliuliza mama wa kwaya.

"Mwenye kanisa."

"Mwenye kanisa ni Bwana Yesu."

"Najua, mama. Namtaka aliye karibu."

Tulicheka. Kisha kikatokea kitu ambacho kama ningekuwa bado naandika tasnifu ningekichora. Mama wa kwaya alimtazama mchungaji. Mchungaji alimtazama mwenyekiti wa baraza la wazee. Mwenyekiti alimtazama mama wa kwaya. Mzee wa watu akawa anageuza kilemba huku na huku, akifuata macho yao, mpaka alipochoka akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na kutuambia sote kwa pamoja:

"Mke wangu anakufa. Anataka kurudi kundini."

Alikuwa amezaliwa Moshi, baba yake fundi wa mashine za kupasulia mbao. Mkewe alikuwa binti wa Kilutheri wa mlimani. Walipendana, wakafunga ndoa bomani, na kanisa likamtenga binti, kwa kuwa aliolewa na mtu asiye Mkristo na nje ya madhabahu. Anayejua mambo hayo hahitaji kuelezwa. Asiyeyajua aelewe hivi tu: aliyetengwa haruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana, wala kusimamia ubatizo, na akifa, kengele haipigwi. Ili arudi, lazima asimame mbele ya watu wale wale, atubu, apokewe. Yeye hakurudi. Walihamia London, mzee akafungua duka la masanduku ya safari Southall, mama akafanya kazi ya kusafisha ndege Heathrow. Mungu hakuwajalia watoto. Sasa saratani ilikuwa imemlaza katika hospisi moja, nyumba ya kuwatunzia wasiopona, upande wa Hounslow, na jambo alilokuwa amelibakiza duniani ni hilo moja: aishiriki Meza ile kabla hajafa.

"Nyumbani ni mbali, hawezi kupanda ndege," alisema mzee. "Nikasikia hapa mpo. Basi. Nani anaamua?"

Mchungaji wetu, ambaye wiki nzima hupakia mizigo uwanja wa ndege na Jumapili huvaa kola ya kichungaji, alimshika mkono akamwambia baraza litakaa.

"Unapakia mizigo?" mzee alimwuliza alipoijua kazi yake. "Kumbe wewe ndiye unayeyavunja masanduku yangu."

Baraza likakaa. Mimi ni mjumbe, kwa sababu ambayo haijawahi kuelezwa na mtu yeyote.

"Mimi niliwekewa mikono na askofu," alianza mchungaji. "Siwezi kumpokea mtu aliyetengwa na usharika mwingine bila askofu wangu kujua. Si kiburi, ndugu zangu. Ni utaratibu."

"Askofu yuko Tanzania," alisema mwenyekiti, mstaafu wa maabara, mtu wa wale wamisionari wasiotaka askofu. "Hapa lipo baraza la wazee. Wachungaji wanakuja na kuondoka. Ulilikuta baraza, na utaliacha."

"Na hao wazee nani aliwachagua?" mama wa kwaya akaingilia. "Si mlikaa wenyewe mkachaguana? Yule mama alitangazwa mbele ya waumini. Basi waumini ndio wampokee. Tunyooshe mikono, tumalize, chapati zinapoa."

"Kanisa si mkutano wa kijiji, mama."

"Wala si ofisi yako, mwenyekiti."

Ndipo mtu mmoja, simtaji kwa kuwa bado namdai msamaha, akasema: "Kwani si tunaye Daktari? Tumwulize Daktari."

Nilianza na mitume. Nilipofika kwenye vita vya huyo mfalme aliyekatwa kichwa, mwenyekiti alikuwa anasinzia, lakini nilikuwa nimeshapata moto. Nilieleza hoja za upande wa maaskofu kwa haki, nikaeleza za wazee kwa haki, nikaeleza za makusanyiko yanayojitawala kwa haki zaidi kidogo, kwa sababu mama wa kwaya alikuwa ananitazama. Nilipoketi, nilijiona nimeufundisha ulimwengu.

"Mmesikia?" alisema mchungaji. "Daktari amesema askofu."

"Amesema wazee!" mwenyekiti aliamka.

Mama wa kwaya alitikisa kichwa. "Daktari, dawa yako inatibu kila ugonjwa. Ndiyo maana hakuna anayepona."

Tukaahirisha.

Kwa kuwa ninakaa Hounslow, nilipewa kazi ya kwenda kumwona mgonjwa na kumpa moyo. Nilimkuta amekonda, macho makubwa, kichwa amekifunga kitambaa cha maua. Mumewe alikuwa anamkata kucha.

"Wewe ndiye msomi?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa bahati mbaya."

"Wamefikia wapi?"

Nikamwambia wanaendelea na mazungumzo. Neno hilo lilinuka hata mimi mwenyewe nililisikia. Ili nibadilishe hewa nikamwuliza kama hospisi haina kasisi wake, maana ninajua wanakuwa nao, na kwa kawaida hawamnyimi mtu mkate.

"Yupo. Mama wa Kizungu, mwema sana. Ameniletea mkate na divai hapa hapa kitandani, nikamwambia asante, hapana." Alipumzika, akavuta pumzi. "Yule hakunifukuza, mwanangu. Atanirudishaje?"

Katika vijitabu vyangu vyote hoja hiyo ingechukua kurasa nyingi na bado isingesimama wima kama yake.

Akanisimulia siku yenyewe ya kutengwa. Alikuwa ameketi kanisani kando ya mama yake. Walitoa tangazo la mazoezi ya kwaya, wakalisoma jina lake, kisha wakaendelea na mnada wa ndizi na kuku wa sadaka. "Mama yangu akasogea tu kwenye benchi. Kidogo, hivi, kama mtu anayempisha mwenzake." Alionyesha kwa kiganja juu ya shuka. "Nataka mtu aniambie nisogee nirudi pale. Basi."

Mumewe alikuwa ameacha kukata kucha. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti, na huko akaniuliza bila hasira yoyote:

"Sanduku langu likikatika mpini, mteja anarudi kwangu. Ananitukana mimi, anamjua wa kumtukana. Kanisa lenu mwenyewe nani?"

Nilimwambia ni swali zito. Akanitazama kama anavyomtazama, nadhani, mteja anayesifia bidhaa zote na hanunui hata moja.

Mchungaji alipiga simu kwa askofu. Ofisi ya askofu ilijibu kwa upole kwamba mwenye kufungua ni usharika uliofunga. Akapiga usharika. Mchungaji wa huko, kijana, alijibu kwa upole zaidi kwamba waliomfahamu mama huyo wameshatangulia mbele za haki, na kwamba mtu aliyeishi miaka yote hiyo Ulaya si kondoo wao tena, ni wetu. Mwenyekiti alisema hayo ndiyo aliyoyatabiri, kwa hiyo baraza liamue. Mama wa kwaya alisema baraza likiamua bila waumini, kwaya haitaimba. Tukakaa tena. Tukaahirisha tena. Kila Jumapili mzee alikuja, akaketi kiti cha nyuma kabisa kusubiri, na tulipotoka kwenye kikao alisimama, na tulipotikisa vichwa alivaa koti lake. Hakuwa na tabia ya kulalamika. Alikuwa na tabia moja tu: akipita karibu na kitu chochote chenye mfuniko, sanduku la vitabu vya nyimbo au boksi la vyombo, hukikandamiza kwa kiganja kuona kama kimefungwa sawasawa. Mazoea ya duka.

Suala lililowashinda Waingereza kwa vizazi lilimalizwa na mpira. Jumapili moja kulikuwa na mechi kubwa katika uwanja wa Wembley, jirani yetu, barabara zingefungwa, na mwenye funguo za ukumbi alitaka tutoke mapema. Nje mashabiki walikuwa wameshaanza kuimba, wengi na kwa sauti nzuri kuliko sisi. Kwa haraka hiyo, na kwa njaa, tukapatana ndani ya muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage. Mchungaji angeongoza, kwa kuwa askofu hakukataza na kutokataza ni kukubali. Wazee wangekuwepo kando ya kitanda, kwa niaba ya baraza. Na waumini wangekuwa ukumbini wakisikiliza kwa simu, wanyooshe mikono na kupokea kwa sauti. Kila upande ukatoka umeshinda. Nilisikia fahari, nikafikiria hata kuandika makala.

Jumapili iliyofuata tulikwenda hospisi: mchungaji na kola yake, mwenyekiti na tai, mama wa kwaya kama mwakilishi wa waumini wasiowaamini wazee, na mimi. Mgonjwa alikuwa amevalishwa khanga mpya. Simu iliwekwa juu ya blanketi, na ndani yake tulisikia viti vya ukumbi vikiburutwa. Mzee alikuwa kwenye nafasi yake, kando ya kichwa cha mkewe, ameushika mkono wake.

Mchungaji alifungua kitabu cha ibada. Akafunga. Akafungua.

"Mzee," alisema, "kwa utaratibu, itabidi mama ataje."

"Ataje nini?"

Mchungaji akaangalia sakafu. Mwenyekiti, ambaye tangu nimjue hakuwahi kumwachia mchungaji amalize sentensi, safari hii alimwachia sentensi yote. Mama wa kwaya akaanza kunyoosha blanketi lililokuwa limenyooka. Ndipo nilipotambua, na niliona kwenye nyuso zao kwamba nao ndio kwanza wanatambua, kwamba katika vikao vyote vile hatukuwahi kuuliza mama atatubu nini. Tulibishana nani ashike ufunguo. Kosa lenyewe lilikuwa limekaa pale kwenye kiti, limemshika mkono.

Mama ndiye aliyetuokoa.

"Mzee wangu," alisema, "nenda kaninunulie chai."

"Hunywi chai siku hizi."

"Basi kanunue yako."

Wakatazamana. Mzee akamwachia mkono, akauweka juu ya shuka polepole, akatoka. Mwenyekiti akanipa ishara kwa nyusi nimfuate. Elimu yangu ikawa imepata matumizi.

Mashine ya chai ilikuwa mwisho wa korido. Mzee hakuifikia. Alipiga hatua chache tu akasimama, na mimi nikasimama. Utaratibu wa hospisi ni mlango usifungwe kabisa, na mama alilazimika kupaza sauti ili simu imsikie. Kwa hiyo tulisikia kila kitu.

"Nilikwenda kuishi na mtu asiye wa imani yangu, bila ndoa ya kanisa. Nikaishi naye maisha yangu yote. Nilikosa mbele za Mungu na mbele yenu. Naomba mnirudishe."

Kisha kutoka kwenye simu, kwa kukwaruza, sauti za ukumbi mzima: "Tunakupokea." Mtu mmoja akapiga kigelegele, akanyamazishwa.

Mzee alikuwa anautazama ukuta, ambao ulikuwa na picha ya ziwa.

"Hakukosea neno," alisema. "Juzi alikuwa anajizoeza. Alidhani nimesinzia kwenye kiti."

Ninayo maneno mengi, watu wamenilipia karo ili niwe nayo. Nikaitazama nami ile picha ya ziwa.

Tulipoitwa ndani, mama alikuwa ameshakula mkate. Alikuwa analia, na uso wake, lazima nikiri hili, ulikuwa uso wa mtu aliyefika alikokuwa akienda. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu mzima. Mzee alirudi kwenye kiti chake, akaurekebisha mto.

"Chai iko wapi?" mama aliuliza.

"Mashine ni mbovu."

Mama akautafuta mkono wake juu ya shuka. Akampa. Sote tulijua mashine si mbovu. Mwuguzi alikuwa amepita muda huo huo na kikombe kinachofuka moshi.

Alifariki kabla Jumapili nyingine haijafika.

Siku ya mazishi Waingereza walituazima kanisa lenyewe, lenye mabenchi ya mbao, kengele ikapigwa. Dada wa marehemu alikuja kutoka Moshi na ndugu wawili, wakaketi benchi la mbele, la wafiwa. Mzee aliingia peke yake, kilemba cheupe, viatu vimeng'arishwa. Mwenyekiti alikuwa mlangoni anapokea watu.

"Pole sana, mzee."

"Asante. Nikae wapi?"

Mwenyekiti alitazama benchi la mbele. Dada wa marehemu alikuwa ameketi katikati, wima, hajageuka. Niliweza kusoma mawazo ya mwenyekiti kana kwamba yamepigwa chapa: marehemu ametubu, ametubu mbele yetu sote, na alichokitubu ni hiki kinachouliza kikae wapi.

"Subiri kidogo, mzee. Nimwulize Mchungaji."

Alikwenda mbele, wakanong'onezana. Mchungaji alikuwa na jasho. "Hayo ya viti ni ya baraza," nilimsikia.

"Baraza halijakaa."

"Basi waulizeni waumini," alisema mama wa kwaya, na sijui hata leo kama alikuwa anatania, kwa sababu hapo hapo aligeuka akaanzisha wimbo, na kwaya yake ikadakia, na watu wakasimama.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilimwona mzee amebaki mlangoni, mikono pembeni. Nikafanya jambo pekee nililoweza kulifikiria: nikasogea. Kidogo, kumpa nafasi. Aliniona nikisogea. Akalitazama lile pengo kati yangu na ukingo wa benchi kwa muda mrefu, nami nikakumbuka benchi jingine, la Moshi, na nikajua naye analikumbuka. Kwa mbali, anayempisha mtu na anayemkimbia husogea namna moja.

"Nitasimama tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimezoea. Dukani nasimama siku nzima."

Akasimama ibada nzima, karibu na mlango, mikono mgongoni. Mchungaji alihubiri juu ya kondoo aliyepotea akapatikana, akahubiri vizuri. Mwenyekiti alisoma wasifu wa marehemu. Mumewe hakutajwa humo, nadhani si kwa ubaya. Nadhani hawakujua nani aamue atajwe vipi.

Mwishoni walilibeba jeneza kupita katikati, na kwa kuwa yeye alikuwa mlangoni, lilimpita karibu kabisa. Wabebaji walipunguza mwendo kwenye kizingiti. Mzee akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akakandamiza, kwanza upande huu, kisha upande ule, kuona kama umefungwa sawasawa.

Kwa hilo hakumwuliza mtu.